Mwalimu wa Iten, na watoto wetu wanaokimbizwa kwa adhabu

Leo nataka tuzungumze habari za mwalimu mmoja wa mji mdogo. Sijapata kumwona kwa macho. Lakini kila ninapovaa koti la kazi asubuhi natamani shule zetu za hapa Tukuyu, na Rungwe nzima, zingekuwa na mfano wake.

Ili ujue kwa nini natamani hivyo, kwanza nikupe habari ya mtoto.

Msimu wa mvua uliopita bibi mmoja alimleta mjukuu wake kituoni, kijana wa darasa la sita. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda kilima, kumbe ametoka kukaa kwenye benchi la kusubiria. Miguu imevimba kiasi kwamba nilipobonyeza kidole juu ya ugoko, shimo lilibaki. Bibi akaeleza kuwa usiku mtoto halali mpaka aegemezwe kwenye mito miwili. Nilipomsikiliza kifuani, badala ya yale mapigo mawili safi tuliyozoea, nikasikia mvumo kama wa upepo unaopita kwenye upenyo wa dirisha. Vali ya moyo ilikuwa inavuja.

Kilichonichoma moyo ni yale aliyoyaeleza bibi baadaye. Shuleni kwao kila asubuhi kuna mchakamchaka, na huyu kijana alikuwa wa mwisho siku zote. Anayekuwa wa mwisho anaongezewa mizunguko miwili ya kiwanja. Kwa karibu muhula mzima mtoto mwenye moyo mbovu alikuwa anaongezewa mizunguko kwa kosa la uvivu, na nyumbani nako, bibi akakiri kwa machozi, aliitwa mvivu vilevile.

Shule hiyo siitaji, kwa sababu haiko peke yake. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi nchini tunakumbuka. Ukichelewa, mizunguko mitano. Ukisahau fagio au kidumu cha maji, mizunguko mitano. Ukinong'ona mstarini, hali kadhalika. Tumekua tukijua kuwa kukimbia ni kitu anachofanyiwa mtu aliyekosa. Ndipo unamwona mtu mzima wa miaka 45, presha imepanda, sukari imepanda, ukimwambia atembee nusu saa kila siku anakutazama kana kwamba umemhukumu.

USIKU WA TARAWEHE

Habari za yule mwalimu nilianza kuzifuatilia mwaka 2012. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha utabibu. Ilikuwa Agosti 9, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1433 Hijria, na tulikuwa tumetoka kuswali tarawehe, tukasimama kwenye kibanda kimoja chenye televisheni. Saa nne za usiku kwa saa zetu wakapangwa wanaume wanane kukimbia mita 800 katika Olimpiki ya London. Kijana mrefu wa Kimasai kutoka Kenya, David Rudisha, akashika uongozi tangu mwanzo, hakuna wa kumvutia mwendo, hakugeuka nyuma, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia umbali ule kwa muda mfupi namna ile. Kibanda kizima kilipiga takbira.

Mtangazaji akamtaja mwalimu wake kuwa ni mzungu mmoja mzee, bruda wa Kikatoliki, mwalimu wa jiografia. Nikadhani nimesikia vibaya.

Sikuwa nimesikia vibaya. Anaitwa Colm O'Connell, watu wote humwita Bruda Colm. Alizaliwa mwaka 1948 huko Cork, Ayalandi. Mwaka 1976 shirika lake likampeleka Kenya kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Patrick, Iten, mji mdogo ulio kwenye ukingo wa juu wa Bonde la Kerio, kiasi cha mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Alikwenda kwa nia ya kukaa muda mfupi. Amezeekea huko huko.

Najua wapo watakaouliza, tabibu, umekosa watu wa kuandika mpaka umwandike bruda katika gazeti la Waislamu? Nimejiuliza mwenyewe kabla hujaniuliza. Madrasa nilikosoma tulifundishwa kuichukua elimu yenye manufaa popote tunapoikuta, na daima nimeikuta kwa watu wa kila namna. Dawa ninazowapa wagonjwa kila siku sijapata kuuliza aliyezigundua alikuwa anaswali wapi.

ALIANZA BILA KUJUA KITU

Jambo la kwanza linalonivutia kwa mwalimu huyu ni kwamba hakuwa na cheti cha michezo, wala yeye mwenyewe hakuwa mkimbiaji. Alipofika Iten alimkuta mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, Pete Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka ule ule wa 1976. Foster ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi riadha, na Bruda Colm akawa msaidizi wake, wa kubeba vitu na kuhesabu. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia yeye.

Sasa mtu asiyejua kitu, akikabidhiwa watoto, ana njia mbili. Anaweza kujifanya anajua, akapiga filimbi na kuamrisha. Au anaweza kutazama. Yeye alitazama, na mwenyewe amekuwa akieleza mara nyingi kuwa wakimbiaji wake ndio waliomfundisha. Alitazama mtoto anavyoweka mguu chini, anavyobeba mabega, anavyohema, anavyoamka siku ya pili baada ya mazoezi magumu.

Mazoezi yake watu wanayoyasafiria kutoka nchi za mbali kwenda kuyaona huwa yanawashangaza kwa upole wake. Vijana wanakimbia kwa kundi, mwendo wa polepole, kama wazee wanaorudi kutoka sokoni. Kisha wanafanya mazoezi ya viungo: kunyanyua magoti, kutembeza mikono sawasawa, kusimama wima, kulegeza shingo na uso. Yale makali yapo, lakini kwa kiasi na kwa siku zake. Na kupumzika kunahesabiwa kuwa ni sehemu ya mazoezi.

Matunda yake yanajulikana dunia nzima. Mwaka 1988 huko Seoul, Peter Rono aliyesoma shule hiyo alishinda mita 1,500 ya Olimpiki akiwa na miaka 21 tu. Mwaka huo huo Ibrahim Hussein, naye aliyesoma hapo hapo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio ndefu za Boston, baada ya kushinda za New York mwaka 1987. Matthew Birir alichukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997, nayo ilidumu mpaka Agosti 2010 ilipovunjwa na Rudisha, kijana mwingine wa mwalimu yule yule.

Shuleni pale wana desturi nzuri. Mwanafunzi akishinda ubingwa wa dunia au Olimpiki hupandiwa mti wenye kibao cha jina lake. Kwa hiyo wanafunzi wa leo wanapita kila siku chini ya vivuli vya kaka zao.

SI MWINUKO PEKE YAKE

Watu husema siri ya Iten ni mlima. Ni kweli kwa sehemu. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, oksijeni inakuwa haba, na mwili ukilijua hilo figo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembechembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi, ili hata kile kidogo kilichopo kibebwe vizuri. Hili halifanyiki kwa siku moja, linachukua wiki kadhaa.

Lakini ndugu zangu wa Rungwe, sisi nasi tuko juu. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500, na vijiji vinavyopanda kuelekea Mlima Rungwe viko juu zaidi, na mlima wenyewe unakaribia mita 3,000. Tuna ndizi, tuna maziwa, tuna maharage, viazi na parachichi, mvua hatuisemi. Vilima vyetu mtoto anavipanda kwenda shule tangu akiwa na miaka saba. Na vipaji tumekuwa navyo, kwani mwaka 1986 Tukuyu Stars ilitoka mji huu mdogo ikachukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Kama ingekuwa ni mwinuko na ndizi tu, basi miti yenye vibao ingekuwa imejaa hapa. Wenzetu walimpata mtu wa kukaa na watoto miaka zaidi ya 40. Sisi kipindi cha michezo ndicho kinachochukuliwa kwanza mtihani ukikaribia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa nchi nzima.

KUTAZAMA KABLA YA KUPIGA FILIMBI

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Mzazi, na wewe ustadhi wa madrasa unayewatoa vijana mazoezini Jumamosi, huna haja ya kuwa daktari ili kutazama. Mtoto anayebaki nyuma siku zote, anayesimama kushika kifua, ambaye midomo yake inageuka rangi, anayezimia au kuona kizunguzungu katikati ya mbio, anayekohoa usiku, ambaye zamani aliweza na sasa hawezi: huyo asiongezewe mzunguko hata mmoja. Aletwe kituoni asikilizwe moyo, apimwe damu, aangaliwe kama ana pumu au minyoo. Minyoo ya safura hunyonya damu kidogo kidogo, mtoto akabaki amepauka na kuchoka, nasi tukamwita goigoi.

Yule kijana wetu moyo wake uliharibiwa na koo. Ndiyo, koo. Mafindofindo yanayoletwa na aina fulani ya bakteria, yasipotibiwa, yanaweza kufuatiwa wiki chache baadaye na homa ya viungo: leo goti linavimba, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko. Watu husema anakua tu, au ni baridi ya Tukuyu. Homa ile viungo inaviacha, lakini vali za moyo inaweza kuziachia makovu ya maisha. Inawapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Kinga yake ni penisilini, tena mapema, wakati koo bado linauma. Kwa hiyo mtoto akiwa na homa, koo linamuuma kumeza, na tezi za shingo zimevimba, usiishie kwenye maji ya chumvi na tangawizi. Mlete.

Yapo maumivu mengine yasiyo ya hatari lakini yanayohitaji busara. Mtoto wa miaka 10 hadi 15 anaporefuka kwa kasi, mara nyingi kile kimfupa kilichochomoza chini ya goti kinauma na kuvimba baada ya mpira au mbio. Mifupa inarefuka kabla misuli haijafuata, na kano inavuta pale inapojishikiza. Dawa yake ni kupunguza mazoezi kwa wiki kadhaa, barafu au kitambaa cha maji baridi, na subira. Hapa ndipo namkumbuka tena mzee wa Iten. Rudisha alikwenda kwake akiwa kijana wa mita 400, akaelekezwa kwenye mita 800, akawa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006. Mwaka 2008 aliikosa Olimpiki kwa kuumia. Mwaka 2009 hakufika fainali ya mashindano ya dunia. Mwalimu wa haraka angemtupa au angemkamua mpaka akatike. Huyu alisubiri.

Kuna na hili la vijana wanaonunua vidonge na sindano za kujaza misuli mitaani, au kunywa makopo mawili matatu ya vinywaji vya kusisimua kabla ya mechi. Wenzetu wa Kenya limewaaibisha, wakimbiaji wao wengi wamefungiwa. Nisiseme mengi: moyo una mwendo wake, ukiulazimisha kwa dawa unaweza kukugomea kiwanjani.

MABINTI ZETU

Iten ile shule ni ya wavulana. Lakini mwaka 1989 Bruda Colm alipoanzisha kambi za mazoezi wakati wa likizo, aliwaingiza na wasichana, wakati ambapo wengi hawakuona haja. Miongoni mwa waliopita kambini kwake ni Vivian Cheruiyot, aliyeshinda mita 5,000 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa mbio ndefu mwaka 2011 na 2013, ambaye alishinda Boston mwaka 2017 akiwa mama wa miaka 37.

Mimi siwaambii muwapeleke mabinti Olimpiki. Ninachosema ni kwamba katika nyumba nyingi zetu binti akishabalehe, mwili wake unafungiwa jikoni. Anakaa darasani, anakaa madrasa, anakaa nyumbani. Na huo ndio umri ambao mifupa inajijenga kwa wingi. Akiba anayoiweka sasa ndiyo atakayoitumia akiwa bibi. Stara haizuii viungo. Nguo pana, viatu vya raba, uani palipozungukwa, au matembezi ya alfajiri pamoja na mama na shangazi, vinatosha. Mnaijua habari iliyopokewa katika hadithi, kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza bibi akashinda, na baadaye alipokuwa ameongezeka mwili akashindwa. Nyumba ya Mtume ilikuwa na mbio, yetu tunaona haya.

Binti akichoka upesi, akisikia moyo unamdunda na macho yamepauka ndani ya kope, huenda damu imepungua. Hedhi inamchukulia madini ya chuma kila mwezi. Mpe dagaa, maharage, maini, majani ya maboga, na kipande cha chungwa au limao ili madini yashike. Chai asinywe pamoja na chakula, aache ipite saa moja. Najua nasema haya katika wilaya inayolima chai, mtanisamehe.

MIGUU NA SOKSI

Safu hii ni ya usafi pia, na kwa mvua zetu hili siwezi kuliruka. Ninaona fangasi wa vidole vya miguu wengi sana, na wengi wao ni watu wa ibada. Mtu anatawadha mara tano, anaosha miguu vizuri, kisha anaitumbukiza mibichi kwenye soksi na buti la mpira, anaingia shambani au mazoezini. Katikati ya vidole panabaki na maji mchana kutwa, ngozi inakuwa nyeupe, inachanika, inawasha, inanuka. Kupitisha vidole vya mkono katikati ya vidole vya miguu unapotawadha ni sunna mnayoijua. Ongeza kitambaa chako mwenyewe cha kukaushia, kisiwe cha msikiti mzima. Soksi zibadilishwe kila siku na zianikwe juani, na siku ambazo jua halionekani, basi zipigwe pasi. Kandambili za pale bombani msikitini zisuguliwe kwa sabuni.

Mtoto akitoka mazoezini aoge, abadili nguo. Jezi moja ikivaliwa na watoto watatu bila kufuliwa hugawa mba na upele. Kikombe kimoja cha maji cha timu nzima nacho tukiache, kila mtoto aje na chupa yake ya maji yaliyochemshwa.

Na watu wazima? Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchezeshe mwili wastani wa dakika 60 kwa siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kiasi, ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Mkulima wa mteremkoni huku anazipata bila kujua. Ninyi wa dukani na ofisini, mnaopanda bodaboda kutoka sokoni mpaka msikitini, ndio ninaowasema. Nendeni kwa miguu swala mbili kwa siku, mpande kilima polepole. Mwezi wa Ramadhani fanyeni kabla kidogo ya magharibi, au baada ya tarawehe. Mwenye kisukari anayechoma sindano asianze bila kuzungumza na anayemtibu.

Yule kijana wa darasa la sita tulimpa rufaa kwenda Mbeya, na kutoka huko akapelekwa Dar es Salaam. Alhamdulillah, amerudi. Miguu imepungua, analala kwa mto mmoja. Atakuwa anachomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka mingi ijayo, ili koo jingine lisije kumaliza kazi lililoianza. Nilikwenda shuleni kwao kuzungumza na walimu, na nashukuru walinipokea vizuri. Sasa wenzake wakiwa kwenye mchakamchaka yeye anakaa kwenye kizingiti cha darasa la kwanza na saa ya mwalimu mkononi, anaandika muda wa kila kundi kwenye daftari. Mwalimu ananiambia amekuwa mkali, hakubali sekunde hata moja ya kupendelewa.

Sindano yake inayofuata ni Jumatano. Bibi keshaniambia atakuja na mkungu wa ndizi. Ndaga fijo, bibi.